Nyonga Iliyokatwa Kola

Cherehani ya Mama Vifungo iliendeshwa na watu wawili. Mama Vifungo mwenyewe alikaa mbele yake, kwenye kiti chenye mto uliojazwa vipande vya vitambaa, akaongoza nguo kwa vidole. Wifi yake alikaa ubavuni kwenye kigoda kifupi, akaingiza miguu yote miwili chini ya meza, akakanyaga. Mikono ya mmoja, miguu ya mwingine. Walikuwa mwaka wa pili hivyo, tangu nyonga ya kulia ya Mama Vifungo ilipokataa katakata kazi ya kukanyaga. Mguu wa kushoto ulijaribu peke yake siku tatu, ukachoka kama punda mmoja aliyefungwa mkokoteni wa punda wawili.

Waliopita nje ya duka walizoea kuwasikia.

"Polepole, wifi, nageuza kona."

"Nitajuaje kama umefika konani? Miguu haina macho."

Wifi huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye maneno mengi na tabia ya kuimba akikanyaga. Wimbo ukienda taratibu, mshono ulinyooka. Wimbo ukichangamka, mshono nao ulichangamka, na ndiyo maana kulikuwa na bwana harusi mmoja mjini aliyevaa suruali yenye pindo lililokwenda kama njia ya mlevi. Lakini kazi ilitoka, nguo ziligawiwa, na maisha yalisogea.

Shida ilikuja pale goti la wifi lilipoanza kuvimba. Wifi alilitazama, akalibonyeza kwa kidole, akatangaza kwamba mwaka huu ukiisha miguu yake nayo inastaafu. Mama Vifungo akajua maana yake. Duka litafungwa, na yeye atahamia kwa mwanawe mji mwingine, ambako mkwewe alikwisha mtengea chumba chenye kitanda, shuka mpya na kiti kimoja kinachotazama ukuta. Mkwe alikuwa mwema, hana baya. Lakini kila alipoandika barua alisema mama akija atapumzika, na neno hilo lilimtisha Mama Vifungo kuliko sindano iliyopotelea kitandani.

Ndipo aliposikia habari za mafao ya ulemavu. Ofisi ya ustawi ilikuwa ikitoa posho kila mwezi pamoja na kifaa cha kumsaidia mtu kazini kwake, na kwa fundi nguo kifaa chenyewe kilikuwa mota: kitu kidogo, si kikubwa kuliko birika, kinafungwa ubavuni mwa cherehani, nawe unaiendesha kwa kugusa tu na ncha ya kidole cha mguu. Mama Vifungo aliiota mota hiyo usiku wa kwanza. Usiku wa pili aliota amekwisha ifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe.

Jumatatu asubuhi alikuwa mbele ya karani wa ofisi ya ustawi. Karani alikuwa kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na mashine ya kutobolea karatasi mezani, na kila alichopewa alikitoboa kwanza kabla ya kukisoma. Alimweleza taratibu. Jopo linakaa Alhamisi, na baada ya hapo halikai tena mpaka mwakani. Alete ushahidi wa kitabibu wa aina tatu: barua ya daktari, kadi ya kliniki, na picha ya eksirei ya zamani yenye jina na tarehe. Sheria inataka ulemavu uwe umeanza kabla mtu hajatimiza miaka sitini.

"Baada ya sitini, mama, huo si ulemavu," alisema karani kwa upole. "Huo ni umri."

Mama Vifungo alikuwa na miaka sitini na sita. Nyonga ilimwanza akiwa na hamsini na nane, siku alipoanguka na robota la vitambaa kwenye ngazi za ghala, na picha ilipigwa wiki ileile. Karani akamuuliza kama picha anayo. Akajibu anayo. Karani akauliza kama ni nzima.

"Ipo," alisema Mama Vifungo, "ila imegawanyika."

Mambo yalikuwa hivi. Siku ile ya miaka minane iliyopita alirudi kutoka hospitali na bahasha kubwa ya kahawia. Alikaa kwenye kiti chake, akaitoa picha, akaiinua dirishani, akaiona mifupa yake myeupe imekaa kwenye giza, akalia. Alilia vizuri, kwa muda wa kutosha. Halafu, akiwa bado anafuta pua, aliikunja picha ncha moja na ikarudi yenyewe ikanyooka. Akaikunja tena. Ikanyooka tena. Fundi yeyote angejua alichokiona. Violezo vya karatasi, vile vya kuchorea kola na mifuko, huchakaa kwa mwezi mmoja. Hii ingedumu miaka. Daktari amekwisha iona, amekwisha sema la kusema, na mifupa yenyewe anayo mwilini. Akachukua mkasi. Kufika jioni picha ilikuwa kola ya mtu mzima, kola ya mtoto, mkono wa shati, kifuniko cha mfuko wa nyuma, na vipande vidogo vidogo ambavyo fundi hatupi, maana hujui kesho.

Wifi alipopewa habari hizo za jopo alicheka mpaka akashika meza. Alisema amesikia watu wakipoteza vyeti, wakipoteza hati za nyumba, lakini mtu aliyeigeuza nyonga yake kuwa kola ndiyo kwanza anamwona. Kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu alikumbuka kwamba kifuniko cha mfuko alikiazimisha yeye, mwaka wa tatu sasa.

Walianza na vile vilivyo rahisi. Barua ya daktari ilipatikana Jumanne. Daktari wa hospitali alimgeuza Mama Vifungo huku na huku, akampiga picha mpya, akaandika kwamba nyonga ya kulia imelika vibaya. Lini ilianza kulika, aliandika, hawezi kusema. Madaftari ya miaka ile yalikuwa kwenye stoo, na paa la stoo lilivuja msimu mzima kabla mtu hajafungua mlango. Kadi ya kliniki nayo ilipatikana, ndani ya kopo la vifungo, imekunjwa mara nne. Wifi aliisoma kwa sauti, na alivyoendelea kusoma ndivyo sauti ilivyozidi kupungua. Ukurasa wa kwanza: mgonjwa anasema hajambo. Wa pili: hajambo, mguu mzuri. Wa tatu: anaendelea vizuri, anashukuru.

"Wifi, hii si kadi ya mgonjwa. Hii kadi ya mchezaji mpira."

Mama Vifungo alijitetea. Muuguzi alikuwa binti mwenye adabu zake, kila mara alianza kwa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akauliza hujambo, habari za mguu. Sasa mtu aliyelelewa atamjibu nini mtoto wa watu? Atammwagia maji ya moto? Alisema nzuri, na yule binti akaandika.

Basi wifi akamfundisha. Alikaa kwenye kiti cha mteja akijifanya mkubwa wa jopo, akavaa miwani ya kusomea, akauliza: hujambo mama? Sijambo, alijibu Mama Vifungo. Wifi akasema hapana, sema hali si nzuri. Wakarudia. Sijambo. Wakarudia mara ya tisa, na mara ya tisa Mama Vifungo alifanikiwa kusema hali si nzuri, lakini alijisikia vibaya sana mpaka akaongeza, "Wewe je, hujambo?"

Jumatano waliingia kazini. Kola ya mtu mzima, kola ya mtoto na mkono wa shati vilikuwa palepale kwenye msumari, vimeshika chaki ya miaka minane. Wakaviosha kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, mifupa ikaonekana. Wakavipanga mezani, wakaviunganisha kwa mshono wa kwenda kushoto na kulia, Mama Vifungo akishika, wifi akikanyaga bila kuimba kwa heshima ya jambo lenyewe. Walifanya wanavyojua. Walifuata kona na kona, mpindo na mpindo, ubavu na ubavu. Walipomaliza wakaiinua dirishani, wakaitazama.

Lilikuwa shati. Lilikuwa na mkono mmoja tu, lakini lilikuwa shati, na kola ilikaa vizuri mno.

"Hii imempendeza," alisema wifi. "Sijui nani, lakini imempendeza."

Wakafumua, wakatia vipande vyote, hata vile vidogo vidogo, kwenye mfuko, wakaenda kwa Fundi Suruali. Huyu alikuwa na chumba chake mtaa wa pili, rafiki wa siku nyingi wa marehemu, mtu mnene mwenye futi shingoni na pini mdomoni, na ndiye aliyekuwa na kile kifuniko cha mfuko. Alikuwa amekitumia kuchorea mifuko ya nyuma ya kila suruali aliyoshona kwa miaka mitatu, na alikipenda. Alipoelezwa kilivyo, alikigeuza mkononi, akakiangalia kwenye mwanga kwa mara ya kwanza, akaona mfupa.

"Shemeji," alisema, "nusu ya wanaume wa mji huu wamekalia nyonga yako."

Alikitoa bila kinyongo. Akatoa na kingine kilichokuwa na thamani zaidi, ujuzi wake. Alisema wao ni watu wa mashati, wanajua mabega. Nyonga ni mali ya mtu wa suruali, yeye amepima viuno miaka thelathini na anajua kitu gani kinakaa wapi chini ya ngozi. Akafagia meza kwa kiganja, akavipanga vipande kama mtu anayepanga kete. Hiki kinakaa hivi, maana paja haliwezi kuota kwenye mgongo. Kile kigeuze. Huu mkono wa shati ni kiuno chenyewe, na hii kola ya mtoto ndiyo yenye ugonjwa: ona, shemeji, hapa kichwa cha mfupa kimekaa kwenye kikombe chake kama kifungo kikubwa kwenye tundu dogo. Mama Vifungo aliona. Akajipapasa nyonga kwa mkono mmoja, taratibu, kama mtu aliyekutana na jirani asiyempenda.

Kipande cha mwisho kilipokaa, picha ilikuwa picha. Ila juu kulia palikuwa na pengo, jembamba, limejipinda kama mwezi mchanga. Na hapo juu kulia ndipo hospitali huandika jina la mgonjwa na tarehe.

Wifi aliuliza kama wameangusha kipande njiani. Fundi Suruali aliinama chini ya meza. Mama Vifungo hakuinama, hakuweza, akabaki anatazama lile pengo, na vidole vyake vikaanza kucheza vyenyewe juu ya meza, vikizunguka kitu kisichokuwapo. Vidole vya fundi vina kumbukumbu kuliko kichwa.

"Hilo si pengo," alisema. "Hilo ni kofia."

Mwaka ule alishona kofia nane za walinzi wa ofisi za mji, za bluu, zenye ule mdomo wa mbele wa kukinga jua. Ndani ya mdomo hutiwa kadibodi ili usimame. Kadibodi ilitosha kofia saba. Ya nane ilikuwa ya mlinzi mmoja aliyekuwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, kichwa ambacho futi ilikizunguka ikaishia njiani, na kadibodi iliyobaki isingefika masikio mawili. Akachukua kipande cha picha. Kofia za wenzake zililegea baada ya mvua mbili, midomo ikainama kama masikio ya mbuzi, wakanunua nyingine dukani. Huyu wa nane hakuwahi kununua. Za dukani zilimkaa juu kama kifuniko cha birika. Kwa hiyo aliendelea na ileile ya Mama Vifungo, akaiosha mpaka bluu ikawa majivu, na mdomo wake ulisimama imara kuliko siku ya kwanza.

Wenzake walimwita Mtungi. Na alilinda geti la ofisi ya ustawi.

Alhamisi saa mbili asubuhi Mama Vifungo na wifi walikuwa getini, picha ikiwa imeshonwa upya na kuviringishwa ndani ya khanga. Mtungi aliwaamkia vizuri. Mama Vifungo akamweleza yote, toka robota mpaka kofia, na Mtungi akasikiliza huku mkono wake ukipanda polepole kichwani kushika mali yake. Alisema angependa kusaidia. Lakini mkubwa wa walinzi anashinda akizunguka uani na daftari, na anamtafutia sababu. Mlinzi akikutwa zamu bila kofia anahamishwa siku hiyohiyo kwenda ghala la mbali, kule wanakolinda mabati wasiyoyajua ya nani, na yeye ana mke na watoto hapa.

"Siwezi kuivua, mama."

"Usiivue, mwanangu. Njoo nayo."

"Na geti?"

Wote wawili wakamgeukia wifi. Wifi alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti cha mlinzi, amenyoosha goti lake, na amekwisha mwambia mwanamume mmoja aliyekuwa akipita zake njiani kwamba asimame aseme anakwenda wapi.

Chumba cha jopo kilikuwa na meza ndefu, dirisha moja kubwa na watu watatu. Katikati alikaa daktari wa mifupa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Kulia kwake afisa ustawi, mwanamume wa kukunja uso hata anapokunywa maji. Mwishoni karani, na mashine yake ya kutobolea. Mtungi aliachwa mlangoni kwanza.

"Shikamoo mama," alisema daktari.

"Marahaba."

"Hujambo?"

Mama Vifungo alijua. Aliiona miwani ya wifi, aliyasikia maneno, alifungua mdomo ayaseme.

"Sijambo," alisema.

Karani akaandika. Afisa akafungua kadi ya kliniki, akaanza kuisoma kwa sauti kavu: hajambo, hajambo, mguu mzuri, anaendelea vizuri, anashukuru. Akaifunga, akasema kwa jinsi anavyoona, mama huyu ni mzima kuliko wote waliomo chumbani, na yeye mwenyewe ana kiungulia. Mama Vifungo alihisi mota inaondoka, inatoka mlangoni na kitambaa chake cha darizi, na mahali pake kinaingia kile kiti kinachotazama ukuta.

"Bwana afisa," alisema, "hiyo ni salamu. Habari yenyewe hamjaniuliza."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamwambia aseme habari yenyewe. Na Mama Vifungo, aliyekuwa mtu wa kusema kidogo mbele ya wakubwa, akasema. Zile ngazi tatu za hapo nje amezipanda kwa kushikwa mkono na mlinzi. Kuchuchumaa ni jambo analolikumbuka tu. Kitandani akitaka kugeuka anageuka kwa vituo, kama lori refu kwenye uchochoro. Cherehani anaiendesha kwa miguu ya wifi yake, na wifi akienda msibani kazi inalala. Hayo yote yana miaka, yalianza mguu ukiwa wa mtu wa hamsini na nane, na picha yake hii hapa.

Akaikunjua khanga. Daktari aliinuka, akaibandika picha kwenye kioo cha dirisha kwa viganja viwili, akaitazama. Karani akanyoosha mkono aitoboe, akakuta imekwisha tobolewa na sindano mara mia nne. Afisa akauliza kwa nini mifupa ina mishono ya uzi mweusi. Mama Vifungo akajibu kwamba uzi mweupe ungechanganyika na mfupa.

Daktari hakucheka, au alicheka upande wa dirisha. Alisema mkasi haubadili ugonjwa. Hapa kwenye hiki kipande chenye umbo la kola anauona mwanzo wa kitu kilekile alichokiona kwenye picha mpya. Lakini akaonyesha pengo la juu. Bila jina na tarehe, hii ni nyonga ya mtu yeyote wa mwaka wowote.

"Tarehe ipo nje," alisema Mama Vifungo. "Niiite?"

Mtungi akaingia. Alisimama katikati ya chumba, mikono imeshikana nyuma, kofia kichwani. Afisa akauliza huyu ni nani.

"Huyu ndiye tarehe."

Alieleza tena habari ya kadibodi. Afisa akaamuru kofia ivuliwe, na Mtungi, kwa adabu kubwa, akakataa; alisema akiivua zamu anahamishwa, na mkubwa wake huenda sasa hivi yuko uani. Afisa akasema yeye ni mkubwa kuliko huyo mkubwa. Mtungi akasema ni kweli, lakini huyo ndiye mwenye daftari. Mama Vifungo aliona watakesha hapo, akatoa wembe wake kwenye kipochi, akamwomba Mtungi akae kitini, afumbe macho, asipumue kwa nguvu. Akafumua kitambaa cha chini cha mdomo wa kofia, uzi mmoja mmoja, akipuliza vumbi. Kitambaa kikaanguka kikamfunika Mtungi uso kama pazia la dirisha dogo.

Daktari aliinama chini ya kofia, shingo imegeuka, miwani imepanda paji la uso. Maandishi yalikuwepo, meupe, ila kwa chini yalisomeka kinyumenyume. Akamwomba Mtungi asogee dirishani na kuinua uso juu. Akamwomba karani kioo. Karani hakuwa na kioo; afisa, baada ya kusita, akatoa kioo kidogo cha kuchania ndevu mfukoni mwa shati. Kwa kioo hicho daktari akasoma herufi moja moja: jina, namba ya hospitali, siku, mwezi, mwaka. Karani akapiga hesabu kwenye kiganja. Miaka hamsini na nane, na miezi minne.

Afisa hakuridhika bado. Alisema kipande cha kofia kinaweza kuwa cha picha nyingine. Na hapo Mama Vifungo alijisikia yuko nyumbani. Aliichukua picha dirishani, akamsogelea Mtungi, akaiegemeza chini ya ule mdomo wa kofia, ukingo na ukingo, kama fundi anavyopachika mkono wa shati kwenye kwapa. Mkato ukaingia kwenye mkato. Hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha uzi. Mtungi alisimama mbele ya jopo na nyonga nzima ikining'inia toka usoni mpaka kifuani, anapumua ndani yake, nayo inapanda na kushuka.

"Imekaa," alisema afisa, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukunjua uso.

Ilibaki kwa karani. Alikuwa amekwisha andika: kielelezo namba moja, barua, namba mbili, kadi, namba tatu, picha yenye mishono. Kwenye namba nne kalamu ikasimama. Kila kielelezo lazima kitobolewe na kufungwa kwenye faili, alisema, ndivyo alivyofundishwa, naye akamtazama Mtungi kuanzia juu mpaka chini kwa wasiwasi wa kweli. Mama Vifungo akasema angefumua kipande sasa hivi akitoe. Lakini daktari aliogopa kingekatika, maana kilikuwa kimezeeka kwa jua, na mkato wake ndio ushahidi wenyewe. Walishauriana kwa sauti ya chini. Mwisho afisa akamsomea karani, neno kwa neno, na karani akaandika: kielelezo namba nne kiko getini, kinaonekana saa za kazi.

Walipotoka walikuta foleni getini, imenyooka vizuri kuliko siku zote. Wifi alikuwa akiwapanga watu kwa urefu wao. Wa nne kwenye foleni alikuwa mkubwa wa walinzi na daftari lake. Wifi alimkuta akitaka kuingia bila kusema anakwenda kwa nani, akamwambia hapa kila mtu ana mkubwa wake, asubiri.

Barua ilikuja wiki ya tatu. Mama Vifungo alimpa wifi aisome, akaomba isomwe tena, kisha mara ya tatu akiwa amefumba macho. Posho imekubaliwa. Mota imekubaliwa. Na chini kabisa palikuwa na aya moja aliyoisikia kwa mbali: nakala imepelekwa kwa mkubwa wa walinzi, kumjulisha kwamba kielelezo namba nne kisihamishwe, kisifanyiwe marekebisho wala kubadilishwa umbo, mpaka hapo faili la mama huyu litakapofungwa. Na faili la mafao, kwa kawaida yake, halifungwi mwenye mafao akiwa hai.

Mota ilifungwa ubavuni mwa cherehani siku ya Jumamosi. Mama Vifungo aliigusa kwa ncha ya kidole cha mguu wa kushoto, ikanguruma kidogo, sindano ikashuka na kupanda, na mshono ukatoka umenyooka kama kamba iliyovutwa. Wifi alikaa kwenye kigoda chake palepale, maana hakuwa na pengine pa kukaa, na kila mota iliponguruma miguu yake ilikanyaga hewa yenyewe.

"Mbona leo unakwenda haraka hivyo?" aliuliza Mama Vifungo.

"Si mimi," alisema wifi. "Mwambie mwenzangu."

Mtungi alipita asubuhi kabla ya zamu, kofia imesimama kichwani, amerudishiwa kitambaa chake cha chini kwa mishono saba tu ili ifumuke upesi ikihitajika. Alikuwa akipita kila siku sasa. Aliegemea mlango, akaamkia, kisha akauliza hujambo mama, na macho yake yakamtazama usoni, mikononi, miguuni, kama mtu anayekagua paa kabla ya mvua.

"Sijambo," alisema Mama Vifungo.

"Kweli kweli?"

"Kikohozi kidogo."

Mtungi akaingia ndani, akafunga dirisha linaloleta upepo, akamchemshia maji ya moto yenye tangawizi, akasimama pale mpaka akaona kikombe kimekwisha. Ndipo akaenda kulinda geti.